Kaye ya madeni na pointi 7 kwa 20: kisa cha mama mmoja mu kozi ya kuandika, Lubumbashi

Kisa chenyewe ni hiki. Mama mmoja wa mwaka wa kwanza, mu chuo kimoja cha hapa Lubumbashi (jina naliacha), alipewa TP (kazi ya kuandika ya kozi, yenye pointi) ya kueleza namna alijifunza kusoma na kuandika. Akaandika kurasa tatu, akapata 7 kwa 20, na pembeni mwalimu akamuwekea kwa biki nyekundu: nje ya swali, Kiswahili hakikubaliwi. Mama akafanya rekuru, yaani akaomba kazi yake iangaliwe tena. Mimi nikaitwa niwe msomaji wa pili juu ile kozi niliifundishaka mu idara ingine. Ni kisa kidogo, pointi za TP moja tu, lakini ndani yake kuko maswali yote ya hii aina ya kazi, na walimu wengi tunaipatia wanafunzi pasipo kujiuliza ilitoka wapi na inawaomba nini, njo maana nataka kuieleza yote polepole. Vitu vidogo nimebadilisha ili mama asijulikane, na yeye mwenyewe alisoma haya mbele niyatoe.

Tuanze na swali, naona hapo njo matatizo yalianzia. Lilikuwa kwa Kifaransa, kwa Kiswahili ni sawa na kusema: eleza namna ulijifunza kusoma na kuandika, na uonyeshe namna masomo yalibadilisha maisha yako, kurasa tatu, na utangulizi, mwili, hitimisho. Nusu ya kwanza ni swali la kweli, mtu anaweza kujibu chochote kilichompata. Nusu ya pili tayari ni jibu. Mtu ambaye masomo hayakumbadilisha maisha, ao yalimbadilisha kwa njia mbaya, ao alijifunza kuandika mahali pengine kabisa, huyo anafanya nini mbele ya ile karatasi? Anatafuta maisha ya mtu mwingine ya kuandika.

Nikaomba kusoma na TP za wengine wote juu huwezi kusema andiko fulani limetoka nje ya njia kama hujaona njia yenyewe. Rundo lote nilisoma. Ni vijana wazuri, wengine wana Kifaransa safi kabisa, lakini ukifika ya kumi hivi unajua tayari kile kinakuja: papa alipoteza kazi, mama akaanza kuuza mikate barabarani, mwalimu wa mwaka wa kwanza alikuwa mkali lakini anapenda watoto, njaa, taa ya petroli, diploma ya Serikali, mlango wa chuo, na mwisho "leo mimi ni mwangaza wa jamaa yangu". Sisemi wanadanganya, hapana. Ile njaa ilikuwa kweli, ile taa ilikuwa kweli. Ila mu kurasa tatu huoni hata mara moja mtoto ana kitabu mkononi, anasoma nini, neno gani lilimshinda, nani amekaa pembeni yake. Kusoma kwenyewe hakuko mu hadithi ya kusoma. Na hao walipata 12, 13, 15.

Sasa andiko la mama. Ukurasa wa kwanza ni wa kawaida, hata dhaifu. Alizaliwa Katuba, papa yake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya Serikali ya madini, watoto walisoma masomo ya kampuni, kaye (daftari) na vitabu vilitoka kwa kampuni. Kisha miaka ya 90, na mtu wa hapa hahitaji kuelezwa sana: mgodi wa Kamoto ulibomoka 1990, uporaji ukakuja 1991, mishahara ikaanza kukosekana miezi na miezi, na mwishowe, 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa mu ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipwa na feza ya Benki ya Dunia. Mama anapita pale haraka, mistari minne. Alisimamisha masomo mwaka wa tano wa primeri akatumwa kwa mama yake mkubwa aliyekuwa anauza unga soko ya Kenya (komini yetu ya Kenya, si ile inchi).

Hapa njo anaanza kweli kujibu swali. Mama mkubwa hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alikuwa na kaye. Mbele mtoto afike, ile kaye ilikuwa na alama zake mwenyewe: mistari kwa kuhesabu meka za unga (meka ni kipimo cha soko), na kila mdeni na mchoro wake, huyu kiti juu bwana yake ni seremala, huyu miviringo miwili juu ana baiskeli. Mtoto alipofika akapewa kazi ya kugeuza michoro iwe majina na hesabu. Mama mkubwa anasema, mtoto anaandika, kisha "soma nisikie", na kama jina halikutoka sawa, andika tena. Mwanamke asiyejua kusoma njo alikuwa mwalimu wake wa kuandika, na alikuwa mkali kupita wale wa masomo, juu kosa la masomo linapoteza pointi na kosa la kaye linapoteza unga. Mama anaeleza hata namna ya kugawa ukurasa: siku kushoto, jina katikati, meka kuume, na mtu akilipa unapitisha mstari mmoja mwembamba, usifute kabisa, juu mteja anataka kuona deni ilikuwa pale na sasa imekatwa. Mimi nafundisha watu kuandika na sikuwahi kusoma mu TP maelezo mazuri namna ile juu ya kazi ambayo maandishi inafanya kati ya watu wawili.

Kisha katikati ya ukurasa wa pili anaacha Kifaransa, anaingia Kiswahili cha hapa, mafungu mawili mazima. Naweka kipande vile alikiandika, kwa ruhusa yake:

"Mama mukubwa akaniambia andika meka kumi. Mi nikamwambia lakini yule mama iko na deni ya meka sita. Akasema ni weye njo unajua kuandika, ye hajue kusoma, bwana yake eko Kolwezi, andika tu. Nikaandika kumi. Kiisha siku ingine yule mama akakuya, nikamusomea kumi. Akaangalia kaye, akaniangalia miye. Akasema kama kaye inasema kumi basi ni kumi. Akalipa. Ile siku njo nilijua kama kuandika iko na nguvu, na ile nguvu nilikuwa nayo mu mukono."

Anarudi mu Kifaransa, anasema toka pale alianza kuandika kaye ya pili, ya kuficha, yenye hesabu za kweli. Haelezi kama kuna siku alimwonyesha mtu. Kisha anaruka miaka mingi, ndoa, watoto, kujifunzia nyumbani usiku, kufanya mtihani wa Serikali akiwa mzazi tayari, na mwisho mistari mitano: elimu ni ufunguo wa maisha, namshukuru Mungu na wazazi, vijana wasome.

Mwalimu wa kwanza si mtu mbaya, nataka hili lisikike vizuri. Ana auditwari iliyojaa, anasahihisha usiku, mara nyingi umeme haupo, na wanafunzi wanaofika kwake wamefundishwa disertasio, insha ya kutetea wazo kwa hoja, miaka yote ya sekondari juu njo inawangojea mu mtihani wa Serikali. Kwa hiyo anasahihisha kila kitu kwa kipimo cha disertasio: wazo liko wapi, hoja ziko wapi, hitimisho linafunga ao halifungi. Mu kikao cha rekuru alisema vitu viwili. Cha kwanza, hii si hadithi ya elimu, ni mtu anakiri wizi. Cha pili, tukikubali Kiswahili kwa TP, kesho huyu mtu atafanya nini mbele ya mkubwa wa kazi anayetaka ripoti kwa Kifaransa? Ni wasiwasi wa mtu anayependa wanafunzi wake. Lakini naona alikosea kwa yote mawili, na ili nieleze kwa nini inabidi nirudi nyuma, mbali kidogo.

Hii aina ya kazi haikuzaliwa hapa. Tuliipata kupitia silabusi na vitabu ambavyo nyuma yake kuko Marekani. Kule kozi ya kuandika ya mwaka wa kwanza ni ya zamani, Harvard waliiweka 1885, na muda mrefu ilikuwa zaidi kazi ya kusafisha makosa ya wanafunzi. Mambo yalibadilika sana miaka ya 60 na 70. Mu 1970 City University of New York ilifungua mlango kwa kila aliyemaliza sekondari mu ule mji, wakaingia watoto wa wafanyakazi, Weusi, watu wa Puerto Rico, wahamiaji, na walimu wakajikuta mbele ya watu wenye akili kabisa ambao miaka yote waliambiwa hawajui kuandika. Mina Shaughnessy alikuwa anafundisha kule, na mu 1977 akatoa kitabu kuonyesha kwamba makosa ya wale wanafunzi yana mantiki yake, hayatoki kwa uvivu. Ukiwa na mwanafunzi wa namna ile, unamuanzisha wapi? Wengi wakaona aanze na kile anakijua kupita mwalimu wake, maisha yake na maandishi. Mu 1992 Janet Carey Eldred na Peter Mortensen wakaandika juu ya namna ya kusoma hizi hadithi za kusoma na kuandika mu vitabu vya fasihi, mu 1994 Mary Soliday akaonyesha namna wanafunzi wenyewe wanaweza kuziandika ili waangalie kwa mbali maisha wanayoyaona ya kawaida. Kule Ohio State wamefungua hata hifadhi mu intaneti ambapo mtu yeyote anaweza kuweka yake, kwa maandishi ao sauti ao video.

Kwa hiyo mzizi wa kazi hii ni kumpa nguvu mtu ambaye masomo yalimsukuma pembeni. Mama wetu njo huyo kabisa, na kazi iliyotengenezwa kwa ajili yake njo ilimpatia 7.

Na hata ukichukua hadithi ambayo kila mtu anaitolea mfano, ya Frederick Douglass, Mmarekani Mweusi aliyetoroka utumwa, mu kitabu chake cha 1845, siyo laini hata kidogo. Sophia Auld, mke wa bwana wake kule Baltimore, alianza kumfundisha herufi. Bwana, Hugh, akakataza, akasema kusoma kutamharibu mtumwa. Douglass akasikia, na hapo hapo akajua njia ya kutoka iko wapi. Akaendelea kujifunza kwa watoto weupe wa barabarani, anawapa mkate wanamfundisha. Na yeye mwenyewe anaandika wazi kwamba kuna wakati kujua kusoma kulimgeukia laana, akawa anawaonea wivu watumwa wenzake wasiojua. Kufundishwa kwa siri, katazo, biashara ya mkate, uchungu, vyote vimo. Anayesema kaye ya madeni haina nafasi mu hadithi ya elimu, amesoma hadithi ya elimu ya nani?

Chombo kilichonisaidia zaidi kusoma andiko la mama ni cha Deborah Brandt. Alihoji watu wa kawaida kule Wisconsin, wazee kwa vijana, namna walijifunza kusoma na kuandika, 1998 akatoa makala na 2001 kitabu chenye kutegemea mahojiano 80. Wazo lake ni kwamba hakuna mtu anajifunza peke yake, kila mara kuko mdhamini, mtu ao kampuni ao kanisa ao jeshi, anayefungua mlango ao anaufunga, na yule mdhamini naye anapata kitu pale. Sasa weka lile swali juu ya kurasa tatu za mama, uone namna zinafunguka. Gécamines ilimfundisha juu ilihitaji wafanyakazi wanaotulia na watoto wao, siku haiwahitaji tena mlango ukafungwa. Mama mkubwa alimfundisha juu alihitaji mtu wa kuandika, na alipoona ile kalamu inaweza kuleta meka nne zaidi, akaitumia. Mtoto alipata ujuzi na kitanda cha kulala. Mwanamke wa sita-ikawa-kumi alilipa. Kaye ya pili njo mtoto anajaribu kuwa mdhamini wake mwenyewe, anaandika pasipo mtu kumtuma. Mama hakusoma Brandt mahali popote, lakini alieleza mambo yenyewe kwa usahihi kupita walimu wengi.

Ile hadithi ingine, ya taa ya petroli na mwangaza wa jamaa, nayo wameichunguza. Harvey Graff mu 1979, kwa kuangalia miji ya Ontario ya karne ya 19, alionyesha kwamba kujua kusoma peke yake hakukuwa kunainua mtu, kabila na tabaka alilozaliwa vilikuwa na uzito zaidi, akaita ile imani kubwa juu ya kusoma kuwa ni visasili. Mu 2011 Kara Poe Alexander alisoma hadithi za wanafunzi akakuta ya ushindi njo inarudi kupita zingine zote. Kwa hiyo rundo la Lubumbashi halina ajabu, kule kwenyewe iko vile.

Lakini siwezi kusema vijana wetu wamekopa tu kutoka Marekani, juu hawajasoma vile vitabu. Naona hapa kwetu ile hadithi ina mizizi miwili yake.

Wa kwanza ni wa kikoloni. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji iliyotangulia Gécamines, toka mwisho wa miaka ya 20 ilianza kuweka wafanyakazi na jamaa zao mu makambi, na masomo mikononi mwa wamisionari, ili kupata aina fulani ya mtu. Kisha 1948 ikakuja ile karti ya sifa ya kiraia kwa wale walioitwa waliostaarabika, na kati ya masharti yake kulikuwa kujua kusoma, kuandika na kuhesabu, pamoja na kuwa na mke mmoja na tabia njema. Yaani kulikuwa wakati ambapo mtu wa mji huu alipaswa kuonyesha mbele ya wakubwa kwamba maandishi yamemgeuza mtu mwema. Soma tena swali la TP: onyesha namna masomo yalibadilisha maisha yako. Kijana wa leo hajui hata ile karti iliwahi kuwepo, lakini anaandika sawa mtu anayetengeneza dosie yake, na sisi tunaipokea kwa pointi.

Wa pili ni kanisa, ushuhuda. Kila siku ya Mungu wanafunzi wetu wanasikia mtu anasimama: nilikuwa hivi, nikapatwa na hivi, Bwana akanitoa, leo niko hivi. Ni aina ya masimulizi wanayoijua vizuri kabisa, wanajua wapi pa kunyamaza, wapi watu wanasema amina. Sioni kasoro mu ushuhuda. Ni ujuzi mkubwa wa kusimulia, na ningependa mwalimu auongee mu kalasi waziwazi: hapa munatumia ushuhuda, unawasaidia nini, unawaficha nini? Kitu kinachoumiza ni kuwaachia wafikiri kwamba njo njia moja tu maisha yanaweza kuandikwa.

Nikamuuliza mama mu kikao juu ya ile mistari mitano ya mwisho, elimu ni ufunguo, vijana wasome. Akajibu pasipo kuficha: "Papa asistenti, ile si yangu. Kijana mmoja wa mwaka wa pili aliniambia malizia vile, njo banapatiaka pointi." Mwalimu wa kwanza akakaa kimya kidogo, juu mu karatasi yake pale njo mahali pamoja tu alipokuwa ameweka "vizuri".

Sasa kwa Kiswahili. Mwalimu alisema mafungu yale mawili hayasomeki, hakuna koma, maneno yameandikwa vile yanasikika. Nikamuomba mama ayasome kwa sauti. Alisoma, na hakuna mtu mu chumba alishindwa kuelewa hata neno moja. Sikubuni hii njia. Mji huu una maandishi ya namna ile toka zamani, na watu wachache wanajua. Mu 1965 André Yav, aliyekuwa boyi (mtumishi wa nyumbani) kwa Wazungu, aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha hapa, kwa ajili ya chama cha waliofanya kazi za nyumbani, tahajia yake mwenyewe, maneno yanashikana na kuachana vile anasikia. Johannes Fabian, mtafiti wa anthropolojia, alipoitoa mu kitabu 1990, alifanya kazi pamoja na Kalundi Mango, mtu wa hapa, ambaye aliisoma kwa sauti, na kwa kusikiliza ile sauti njo mahali pengi pakaeleweka. Na mu 2008 Jan Blommaert alitoa kitabu ambapo anachambua, kati ya mengine, maandishi ya mtu mmoja wa Katanga, naye alikuwa boyi, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili mara tatu, matoleo matatu, akamtumia mama Mbelgiji aliyemfanyia kazi zamani. Mara tatu! Hakuna mwalimu aliyempa TP. Tunaenda kuwatolea wanafunzi mfano wa Baltimore, ni sawa, nami nilifanya hapa juu, lakini mu mji wenyewe kulikuwa watu wanapigana na karatasi ili maisha yao yaandikike kwa Kiswahili, na mtoto wa Kamalondo anamaliza chuo pasipo kusikia habari yao.

Juu ya wasiwasi wa ripoti kwa mkubwa wa kazi: ni kweli mama anahitaji Kifaransa, na Kifaransa chake kina matatizo, mapatano ya vitenzi hasa, yale nilimwekea alama na nikamkata pointi. Lakini angalia alihamia Kiswahili wapi. Hakuhamia pale Kifaransa kilimshinda, maelezo ya kugawa ukurasa wa kaye ni magumu zaidi na aliyafanya kwa Kifaransa. Alihamia pale watu wanaongea. Mama mkubwa hakusema kwa Kifaransa. Aliyeandika vile anajua anafanya nini.

Kuko jambo moja ambalo mwalimu wa kwanza aligusa pasipo kulitaka, na mimi nililiona kuwa zito kupita pointi. Mpango ulikuwa TP zisomwe mbele ya kalasi. Mama hakuambiwa. Mama mkubwa yuko hai, na mu ile auditwari kuko watoto wa Kenya na Katuba, mtu anaweza kujua ni kaye ya nani. Na si yeye peke yake. Mu rundo kulikuwa kijana aliyeandika kwamba jamaa yake "ilisafiri" 1992 na masomo ya wakubwa wake yakakatika, basi, mstari mmoja. Anayejua historia ya Katanga anajua 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa hapa kwa maelfu, wengine wakangojea treni mu stesheni wiki nyingi. Ule mstari mmoja njo ukubwa wa kile alichotaka kusema, na mwalimu akimwandikia pembeni "eleza zaidi" anamwomba kitu ambacho hana haki nacho. Kuuliza mtu alijifunzaje kusoma, hapa kwetu, ni kuuliza jamaa yake ilikuwa wapi mwaka gani na nani alilipa. Tukiuliza, tumwambie mbele nani atasoma, na tumwachie mlango wa kuandika juu ya mtu mwingine ao juu ya kitu, kaye, simu, kitabu cha nyimbo.

Kikao kiliisha mama akiwa na 14. Mimi nilitaka 15, mwalimu wa kwanza alitaka 12, tukakutana pale. Sikumpa zaidi juu ukurasa wa kwanza kweli ni wa haraka, miaka inaruka mno baada ya kaye ya pili, na mwisho si wake. Tukamwomba aandike tena kama anataka. Aliandika. Mistari mitano imetoka, pale pake kuko fungu juu ya namna leo anaandika madeni ya biashara yake mwenyewe mu simu, anampigia mteja picha ya ukurasa papo hapo ili abaki na yake. Hakusema kwa nini anafanya vile, na hakuna haja aseme.

Kwa promosio ya mwaka huu swali limebadilika, na mwalimu wa kwanza njo aliandika sehemu kubwa. Wanaanza kwa kuorodhesha kila kitu walichosoma na kuandika toka asubuhi paka usiku: ujumbe wa kutuma makuta kwa simu, maandishi ya nyuma ya taksi-bisi, wimbo wa kwaya, fomu, karatasi ya dawa. Kisha wanachagua kimoja na kuuliza nani aliwafundisha kukitumia na yeye alipata nini pale. Kisha ndipo wanasimulia, tukio moja, si maisha yote. "Namna masomo yalibadilisha maisha yako" imetoka. Na wanasomeana rasimu kwa sauti, wawili wawili, yule mwanafunzi anayemchagua mwenyewe. Rundo la kwanza limefika. Kuko kijana aliyejifunza herufi kubwa kwa kusoma mifuko ya simenti papa yake alipokuwa anajenga, kuko binti anayegeuza ujumbe wa sauti wa bibi yake kuwa maandishi na anaeleza kile anachokiacha kwa heshima. Kuko na mabaya, mengine ni orodha tu haijageuka hadithi, na wengine wawili watatu bado wamemaliza na mwangaza wa jamaa. Lakini huwezi tena kujua kile kinakuja ukifika ya kumi.

Kitu kimoja hatujapatana. Tulipeleka kwa idara ombi kwamba robo ya TP iweze kuwa Kiswahili, pale mwandishi anaona inahitajika, na tahajia ya Kiswahili isikatwe pointi. Mwalimu wa kwanza anasema robo ni nyingi, angekubali mistari kumi, na isahihishwe kwa Kiswahili sanifu ili wanafunzi wajifunze kitu. Mimi naona tukisahihisha vile, "akakuya" inakuwa "akaja", "miye" inakuwa "mimi", na mtu aliyekaa mbele ya kaye ya soko ya Kenya anageuka mtu wa mahali pengine. Yeye anajibu kwamba mwanafunzi anaweza kujua yote mawili, na hapo siwezi kumkatalia kabisa. Idara italiangalia mwisho wa semestri, na tutaenda na TP za mwaka huu mezani, tuzisome kwa sauti.